Mgonjwa Huyu ni wa Nani?



Katika Injili ya Marko kuna habari fupi ambayo wasomaji wengi huipita upesi. Yohana alimwendea Bwana wetu kumpasha habari, na bila shaka alitazamia kusifiwa. Yeye na wenzake walikuwa wamemwona mtu mmoja akitoa pepo kwa jina la Bwana, nao wakamkataza. Kwa nini walimkataza? Si kwa sababu pepo walikataa kutoka. Si kwa sababu alidai malipo. Walimkataza kwa kuwa hakuwa mmoja wa kundi lao. Bwana hakumsifu Yohana hata kidogo; aliagiza mtu yule aachwe aendelee.

Habari hiyo imenirudia mara nyingi kwa ajili ya jambo linalotuhusu sisi wa Lulindi, pamoja na wenzetu wa Masasi na wa juu Newala, nalo ni jinsi vyama na mashirika yanayojitolea kuzuia UKIMWI yanavyofanya kazi pamoja, au yasivyofanya. Wengi hudhani hilo ni jambo la mikutano na la wakubwa wa ofisi. Mimi nasema ni jambo la dhamiri, tena la dhamiri ya kila mmoja anayekaa katika mabenchi ya kanisa hili. Maana kila shirika lina Yohana wake. Kila kamati inaye. Hata Umoja wetu wa Mama unaye, na wenyewe wanajua.

Kwanza tujue tumesimama wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, mbali sana na sisi. Huko watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo zilizouzwa na wafanyabiashara wa mpakani, na sisi wa kusini tuliona ni habari ya watu wengine. Mwaka 1988 Serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI. Mwishoni mwa 1999 Rais Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, hapa hapa Masasi, aliutangaza kuwa janga la taifa. Tume ya Kudhibiti UKIMWI iliwekewa sheria mwaka 2001, na tangu 2003 zikaundwa kamati za halmashauri, za kata na za vijiji. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure. Twaweza kusema kwamba kwa habari ya dawa na kamati hatukuachwa mikono mitupu.

Lakini sikilizeni hesabu hii. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wenye virusi, kama 83 walijua hali yao. Katika hao waliojua, karibu 98 kwa kila 100 walikuwa wakitumia dawa. Katika hao wanaotumia dawa, 94 kwa kila 100 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Ukizitazama hesabu hizo tatu utaona pengo liko wapi. Dawa ikimfikia mtu, inafanya kazi yake. Pengo liko mlangoni. Ni wale 17 ambao hawajui, nao hawapo hospitali, wala hawamo katika daftari la shirika lolote.

Wako wapi? Mmoja ni mwanamume mwenye shamba zuri la mikorosho ambaye hajaumwa tangu utoto, na kupima anaona ni kujitafutia msiba. Mwingine ni binti aliyepata rafiki wakati wa mauzo ya korosho, fedha zilipokuwa nyingi na wageni wengi, naye sasa haulizi kitu. Kila mmoja wetu anajua kipande cha habari zao. Kijana wa pikipiki anajua nani alikwenda wapi usiku. Mwenye duka la dawa anajua nani amenunua dawa ya ugonjwa wa sehemu za siri kwa kunong'ona. Mwalimu wa madrasa anajua nyumba ipi ina ugomvi. Mama mmoja wa kanisa anajua nani amekonda. Kila mmoja anacho kipande chake; mtu mzima hakuna anayemjua. Hapo ndipo kazi ya pamoja inapoacha kuwa adabu ya mikutano na kuwa jambo la uhai na kifo.

Sasa nataka kuwatolea mfano. Ni mfano tu, wala msitafute shirika gani nalisema.

Tuseme yuko mtoto wa kike wa miaka tisa aliyefiwa na wazazi wote wawili. Anakaa kwa bibi yake mzaa mama, kama ilivyo desturi, maana kwetu Wamakua, Wayao na Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Linakuja shirika la kwanza, linamwandika, linampa sare ya shule. Linakuja la pili, lina daftari jingine, nalo linampa sare. La tatu linakuja na fomu yenye maswali mengi zaidi kuliko mawili ya kwanza, na mwisho wake ni sare. Mwaka ukiisha mashirika matatu yanapeleka ripoti kwa wafadhili watatu, na ndani ya ripoti hizo mna yatima watatu waliosaidiwa. Mtoto ni mmoja. Ana sare tatu, na hana daftari la kuandikia hesabu. Nyumba ya tano kutoka pale yuko mwingine ambaye hakuandikwa na yeyote, kwa kuwa njia ya kwenda kwao ni ya mchanga na gari liligeukia njiani.

Nani amesema uongo hapa? Tafuteni, hamtampata. Ripoti ya kwanza ni ya kweli. Ya pili ni ya kweli. Ya tatu nayo ni ya kweli, tena ina picha. Lakini ukiziweka juu ya meza moja zinageuka kuwa uongo. Hilo ndilo linalonisumbua katika mambo haya. Sisi tumezoea dhambi yenye mwenyewe: mtu ameiba, mtu amezini, mtu amesingizia, na padri anajua la kumwambia. Hapa pana kosa lisilo na mkosaji. Kila mmoja amefanya alilotumwa, amefanya vizuri, na mtoto wa nyumba ya tano ameachwa.

Ukichunguza utaona kwamba chanzo ni swali. Kila shirika huulizwa na anayelipa: wewe umesaidia wangapi? Hakuna anayeulizwa: wamebaki wangapi? Basi mtu hujibu aliloulizwa. Na akiisha kuzoea swali hilo, huanza kumwona mwenzake kama mwizi wa hesabu yake. Husema, yatima huyu ni wangu, nilimwandika mimi kwanza. Wagonjwa wale ni wetu, kijiji kile ni chetu. Ndipo nauliza: mgonjwa huyu ni wa nani?

Wazee wa Lulindi wanaweza kutusaidia hapa, kwa sababu ya mtu mmoja waliyemfahamu. Daktari Leader Stirling alifika kwetu mwaka 1935 kwa kazi ya Misioni ya UMCA, akatibu katika hospitali ya kuta za udongo na paa la nyasi, akafundisha vijana kazi ya uganga na uuguzi. Mwaka 1949, akiisha kuwa Mkatoliki, aliondoka akaenda Mnero kwa Wabenediktini. Vijana wa leo hawawezi kujua uzito wa jambo hilo kwa wakati ule. Misioni hizi mbili zilikuwa jirani kwa miaka mingi na zilishindana kufungua shule kijiji kwa kijiji. Kuhama kutoka huku kwenda kule hakukuwa kama kuhama nyumba. Lakini hebu fikirini: donda la mtu wa Mnero lilikuwa na tofauti gani na donda la mtu wa Lulindi? Alipokuwa Waziri wa Afya, tangu 1975 mpaka 1980, wote wawili walikuwa chini ya mikono yake, pamoja na Mwislamu wa Kilwa na mpagani wa Manyara. Na mwaka 1992 Makanisa yenyewe, sisi wa Jumuiya ya Kikristo pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki, yaliunda tume moja ya huduma za jamii kwa ajili ya hospitali na shule. Kwa jambo hilo wakubwa wetu walituwahi sisi wadogo.

Najua kuna ndugu watakaosema: kushirikiana na Wakatoliki ni rahisi, tunasali Baba Yetu ile ile. Shida iko kwa wale wanaogawa kondomu. Tukiwafungulia ukumbi wa mtaa wetu, si tumebariki uasherati?

Swali hilo si la kuchekwa. Wapo wanaolicheka mjini, wakidhani sisi wa vijijini hatujui mambo. Mtu anayeogopa kuitia dhamiri yake doa anastahili jibu la heshima.

Padri mmoja Mfaransa wa shirika la Mapadri Weupe, Bernard Joinet, aliyefundisha Dar es Salaam, alitunga mfano ambao ulitumika sana katika miaka ya 1990, hata nje ya nchi yetu. Alisema UKIMWI ni gharika. Maji yanapanda, na iko mitumbwi mitatu: wa kujizuia, wa uaminifu wa watu wawili, na wa kondomu. Kila mtu apande mmoja, na mtu aweza kuhama kutoka huu kwenda huu katika maisha yake. Jambo la kifo ni kubaki majini. Angalieni kwamba aliyetunga mfano huo alikuwa padri wa Kanisa lenye mafundisho makali kuliko sisi juu ya kondomu. Hakusema mitumbwi hiyo mitatu ni sawa mbele za Mungu. Mimi pia sisemi hivyo, na mtaa huu utaendelea kuwafundisha vijana wake usafi wa maisha bila haya. Alichosema ni kwamba maji ni yale yale.

Kutokana na mfano huo naona mipaka inayoweza kutusaidia. Halazimishwi mtu kuusifu mtumbwi asiouamini. Akiulizwa, aseme wazi: mimi nafundisha hivi, na sababu zangu ni hizi. Lakini hana ruhusa kuutoboa mtumbwi wa mwenzake. Mhubiri anayewaambia watu kwamba kondomu zimetiwa virusi, au kwamba hazizuii kitu, anasema uongo, na uongo hautakaswi na madhabahu. Ikitumiwa sawasawa na kila mara, kondomu hukinga sana, hilo lajulikana. Kadhalika yule wa upande wa pili anayewacheka wasichana wanaongoja ndoa, akiwaita washamba, anatoboa mtumbwi wenye watu ndani.

Nami nitasema neno juu ya mtumbwi wetu tunaoupenda, wa uaminifu. Huo una makasia mawili. Mke anaweza kupiga kasia kwa uaminifu wote miaka ishirini, na kama mume ameweka lake chini, mtumbwi unajaa maji. Wanawake wangapi wameambukizwa ndani ya ndoa takatifu, bila kosa lolote? Tukisema uaminifu unatosha bila kusema kupima, tumewaambia akina mama nusu ya maneno. Tena sasa kuna jambo ambalo Padri Joinet hakuweza kulitia katika mfano wake, maana dawa hazijafika: mtu anayetumia dawa barabara, na virusi vyake vikafubazwa hata visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa hiyo kumsaidia mgonjwa anywe dawa yake kila siku ni kumtibu yeye na kumkinga mwingine kwa tendo moja. Sijui ni nani kati yetu, awe wa msikiti, wa kanisa au wa ofisi, anayeweza kutoa sababu ya dhamiri ya kukataa kushiriki hapo.

Lakini kuna hatari ya kushirikiana ambayo husikii ikisemwa mikutanoni, nami nataka tukae nayo kidogo.

Watu wakitaka kufanya kazi pamoja hupeana habari. Na habari yenyewe ni nini? Ni majina. Fulani anatumia dawa, fulani ameacha, fulani ana mtoto aliyezaliwa na virusi. Mashirika yasipopatana, magari matatu yenye nembo yanasimama mbele ya nyumba moja, na jirani wote wanajua. Mashirika yakipatana bila hekima, orodha moja inatembea ofisi tano, na jirani wote wanajua vile vile. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutoa siri ya mgonjwa. Lakini hata isingekuwapo sheria, siri ya mwili wa mtu si mali ya kamati. Nimesikia watu wema kabisa wakitaja majina katika mkutano wa sala, wakiomba maombezi. Ni kuombea huko, au ni kutangaza?

Njia ipo, na ni rahisi kuisema, ngumu kuifuata: tugawane kazi, tusigawane majina. Muuguzi wa kituo cha tiba hana haja ya kuniambia ni nani aliyekosa kuja kuchukua dawa. Anaweza kumwuliza mgonjwa mwenyewe, mwanangu, kikwazo ni nini? Akijibu ni nauli ya kwenda Masasi, muuguzi anaweza kumwambia kwamba mtaa wa Kanisa una mfuko wa nauli, na kwamba anaweza kwenda au asiende kama apendavyo. Mgonjwa akija kwetu, amekuja kwa miguu yake na kwa kinywa chake. Sisi tutajua anahitaji nauli. Tusiulize zaidi.

Mtaona hapo kwamba anayeunganisha vyama viwili ni mgonjwa mwenyewe. Jambo hili lilichelewa kueleweka kila mahali. Uganda lilianza mapema: mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake, wengi wao wakiwa wameguswa na ugonjwa nyumbani kwao, walianzisha chama cha TASO. Kwetu Theresa Kaijage alianzisha WAMATA mwaka 1989 Dar es Salaam. Mwaka 1992 padri wa Kianglikana wa Uganda, Gideon Byamugisha, alisema hadharani kwamba ana virusi, wakati ambapo jambo kama hilo halikusikiwa kwa padri yeyote wa Afrika. Leo katika wilaya zetu wapo wenyewe wanaoishi na VVU, katika vikundi na katika konga zao, nao wanajua mambo ambayo daktari hayajui: jinsi ya kumeza vidonge siku ya kufunga, jinsi ya kumwambia mjomba, jinsi ya kusafiri na dawa msimu wa kulima mbali. Tunapoitisha mkutano wa kuzuia UKIMWI na kuwakalisha hao mlangoni kama wageni, tumeitisha mkutano wa uvuvi bila wavuvi.

Mnaukumbuka mfano wa Msamaria Mwema. Sisi humtazama sana Msamaria, na mara nyingine kuhani na Mlawi. Lakini tazameni walio pembeni. Aliyejeruhiwa hasemi neno hata moja tangu mwanzo mpaka mwisho, wanamsemea wengine. Na yuko mtu mwingine ambaye hatumhubiri kamwe, yule mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alikaa usiku mmoja, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi, akaenda safari yake. Aliyebaki na mgonjwa ni yule mwenye nyumba. Aliyefua bandeji ni yeye.

Ndugu zangu, sisi ndio wenye nyumba ya wageni. Kwa miaka zaidi ya ishirini Wasamaria wengi wamepita kwetu na dinari zao, na tusiwe wachoyo wa shukrani: watu wengi wako hai kwa ajili ya fedha zile. Marekani ilianza mpango wake mkubwa wa UKIMWI mwaka 2003, na Mfuko wa Dunia ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia. Hata taasisi ya Rais Mkapa, iliyoanza mwaka 2006 kupeleka madaktari na wauguzi katika wilaya za pembezoni, ilitegemea sana wafadhili wa nje. Kisha tarehe 20 Januari 2025 Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Siku chache baadaye ikaruhusu tiba ya kuokoa maisha iendelee, lakini sehemu kubwa ya kazi ya kinga haikuruhusiwa, na tarehe 1 Julai mwaka ule ule shirika lao la misaada lilifungwa rasmi. Katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, wahudumu walirudi nyumbani na magari yakaegeshwa.

Basi swali la Injili likageuka. Msamaria asiporudi, mwenye nyumba afanyeje? Aweza kusema mgonjwa huyu si wangu, aliletwa na mtu mwingine, fedha zake zimekwisha. Kwa hesabu ya biashara ana haki kabisa. Wala simlaumu Msamaria kupita kiasi. Fedha zilikuwa zake. Lakini mgonjwa yuko kitandani, na jina la aliyemleta halimponyi.

Watu hupenda kusema UKIMWI ni moto, na moto ukiwaka kwenye mikorosho wakati wa kiangazi hakuna anayeuliza dini ya mwenye ndoo. Ni kweli. Lakini mfano huo haututoshi. Moto ni wa siku moja, na kushirikiana kwa siku moja kunawezekana hata kwa maadui. Jambo hili lina miaka zaidi ya arobaini. Linafanana zaidi na maji. Wenzetu wa Newala, huko juu ya uwanda wa Makonde, wanajua maana yake. Bomba likikauka, akina mama hutelemka bondeni au hupanga foleni tangu alfajiri, na kinachozuia vita pale si upendo wa ghafula bali ni utaratibu: ndoo ya nani inafuata, mgonjwa na mjamzito wapewe nafasi gani, nani anashika ufunguo, nani analipa ikivunjika. Ushirikiano wa miaka mingi umo katika mambo madogo yasiyo na sifa ya aina hiyo. Hakuna anayepiga picha foleni iliyokwenda vizuri.

Sasa nije kwetu. Kuna jambo moja ambalo hatuhitaji kumngoja mfadhili yeyote, nalo ni jando na unyago.

Kanisa la Masasi lina historia hapa ambayo wengine wameandika vitabu juu yake. Hata kabla Dayosisi haijaanzishwa mwaka 1926, Vincent Lucas, aliyekuja kuwa Askofu wetu wa kwanza, pamoja na mapadri na wazee Waafrika, waliamua kutoipiga vita jando. Waliona kwamba ni shule ya utu uzima, wakaichukua na kuitia sala na mafundisho ya Kikristo. Walilaumiwa na pande mbili: kwa Wazungu wengine ilionekana ni upagani, na kwa wazee wengine ilionekana Kanisa limewanyang'anya kitu chao. Nadhani malalamiko ya wazee yalikuwa na haki zaidi. Hata hivyo, huo ndio ulikuwa ushirikiano wa kweli: watu wasiokubaliana juu ya mambo makubwa walikubaliana kwamba vijana hawa ni wao wote.

Leo sayansi imeongeza neno. Majaribio matatu, ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, yaliyotoa majibu kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60. Mikoa mingine ilibidi ianze kampeni. Sisi tulikuwa nayo tangu mababu. Lakini isije ikatupumbaza: asilimia 60 si 100, na kijana anayetoka jandoni akiambiwa kwamba sasa ni dume na hadhuriki na kitu ameingizwa hatarini. Tena wembe mmoja ukipita kwa vijana wengi, sherehe ya uhai inakuwa mlango wa ugonjwa. Ngariba anahitaji vifaa safi na muuguzi karibu. Muuguzi anahitaji idhini ya wazee. Wazee wa Kiislamu na wa Kikristo wanahitaji kukaa pamoja, maana wavulana wao hucheza mpira mmoja. Na makungwi wa kike, ambao mikutano yetu huwasahau daima, wanahitaji kuulizwa wanawafundisha nini wasichana juu ya kukataa na juu ya kupima. Najua yapo yasiyosemwa nje ya unyago. Hatuombi kuyasikia. Tunaomba wao wayasikie ya muuguzi.

Hapo hakuna gari linalotakiwa, wala semina ya hotelini. Kuna watu watano au sita ambao hawajazoea kukaa chumba kimoja. Wengine kati yao wanakwepana njiani, kwa sababu za zamani ambazo msomaji wa hapa hana haja ya kuambiwa.

Baraza la Mtaa limeulizwa kama ukumbi unaweza kutumika, na kama watu wa konga, na wale wa kondomu, wanaweza kualikwa pamoja na sheikh na katekista wa Wakatoliki. Maoni yangu mmekwisha kuyasoma. Wenye maoni mengine na waje nayo waziwazi barazani, si nyuma ya mlango wa kanisa baada ya Misa. Likizo ya Juni ndiyo majira ya jando, na wavulana wa mwaka huu wanajulikana kwa majina. Nimewahesabu wa upande wetu tu. Idadi ya wa upande wa msikiti anayo mwalimu wa madrasa, na bado sijakwenda kumwuliza mtu yeyote kama hizo hesabu mbili zimewahi kuwekwa pamoja. Nitakwenda Jumatano. Atakayependa kufuatana nami tukutane kwenye mwembe wa hospitali saa tisa alasiri, jua likiwa limepungua.